Waranti ya nyongeza kwa gari la spoti lililotumika Marekani: ipi ulipie, ipi uikimbie

Kijana wa kwetu akishapata kazi ya maana hapa Marekani, haipiti miezi mingi kabla hajanipigia simu kuniuliza habari za Porsche. Si mpya, la. Ni ile ya miaka saba au kumi, ambayo bei yake imeshuka hadi anaanza kujiona anaiweza, na pale yadini inang'aa kama sarafu iliyotoka benki leo. Simu ya pili huja siku ya kununua, kwa sauti ya chini, maana mpigaji kajifungia chooni kwa muuzaji: "Kaka, wananiambia niongeze dola elfu nne za waranti. Niweke saini?"

Nami humrudishia maswali mawili. Karatasi hiyo ni ya nani? Na gari hilo linajulikana kuugua nini?

Jina lenyewe ni mtego wa kwanza. Kwa sheria ya Marekani, waranti ni ahadi iliyomo ndani ya bei ya gari. Unachouziwa kando kwa pesa za ziada ni mkataba wa huduma, na sheria ya shirikisho ya mwaka 1975 iitwayo Magnuson-Moss inavitenganisha viwili hivyo. Muuzaji ataendelea kusema "waranti" kwa sababu neno hilo lina harufu ya kiwandani. Wewe tafuta jina la atakayelipa gari likiharibika. Mara nyingi si yadi wala si kiwanda. Ni kampuni iliyo jimbo jingine ambayo hujawahi kuisikia.

(Wasomaji wa pwani waliowahi kuniuliza kama mikataba hii ina gharari, yaani ile biashara ya kubahatisha inayokatazwa katika Uislamu: wapo wanazuoni wanaotofautisha ahadi iliyomo ndani ya bei na ile inayonunuliwa peke yake. Muulize shekhe wako, usimuulize muuza magari.)

Sasa nipange, kuanzia ninayoilipia hadi nisiyoigusa.

1. Waranti ya mtengenezaji mwenyewe

Hapa tunazungumzia magari yaliyokaguliwa na kuuzwa na wakala rasmi, yale yanayoitwa kwa herufi tatu, CPO. Porsche mpya hapa Marekani huja na waranti ya miaka minne au maili 50,000. Ikinunuliwa tena kama CPO, huongezewa miaka miwili isiyo na kikomo cha maili, baada ya ukaguzi wa vipengele 111. BMW huongeza mwaka mmoja, nao bila kikomo cha maili. Ferrari wana mpango wao, Power15, unaoweza kulinda mitambo mikubwa, injini na gia boksi zikiwemo, hadi mwaka wa 15 tangu gari lisajiliwe.

Ninaiweka namba moja kwa sababu anayelipa ndiye mwenye spea, ndiye mwenye fundi, na ndiye mwenye jina la kulinda. PDK, gia boksi ya otomatiki ya Porsche, ikikataa, hakuna mtu wa kukaa simuni saa mbili akibishana na gereji kuhusu bei ya saa ya fundi.

Hata ukaguzi wenyewe una thamani. Kompyuta ya injini ya Porsche huhesabu kila mara injini ilipozungushwa kupita kiwango, na kuanzia kizazi cha modeli ya 911 kiitwacho 997 huzipanga hesabu hizo katika ngazi sita. Kwenye gari la gia za mkono, ngazi za juu kabisa husimulia kosa moja tu: dereva alikuwa anatoka gia ya tano kwenda ya nne, mkono ukateleza akaingiza ya pili. Rangi haitakuonyesha hilo, na mwenye gari hatakwambia. Omba upewe ripoti hiyo hata kama gari hununui kwa wakala.

Usidanganyike kuwa ni ya bure, lakini. Linganisha bei ya gari la CPO na ndugu yake wa mwaka uleule, maili zilezile, anayeuzwa na mtu binafsi. Ile tofauti ndiyo bei ya waranti. Kwa 911, Audi R8 au chochote cha Kiitaliano, mimi huilipa.

2. Kibubu chako mwenyewe

Wengi watashangaa kukuta kibubu juu ya mikataba yote inayouzwa kando. Mwishoni mwa 2013 jarida la Consumer Reports liliwauliza wamiliki wa magari zaidi ya 12,000 waliokuwa wamenunua mikataba ya aina hii. Asilimia 55 hawakuwahi kuitumia. Bei ya kati ilizidi kidogo dola 1,200, na hata walioitumia waliokoa wastani wa dola 837 tu. Hayo yalikuwa magari ya kawaida, na gari la spoti huvunjika kwa bei kubwa zaidi, sikatai. Ila kampuni nayo inalijua hilo, na imeshaliweka kwenye bei.

Kwa Mazda MX-5, Toyota 86 au Mustang ya kawaida, sihitaji kufikiri. Spea zake zipo kila mahali na fundi yeyote mwenye akili anaziweza. Isitoshe, waranti ya injini na gia ya Mazda na Ford, miaka mitano au maili 60,000, inamfuata mnunuzi wa pili bila malipo. Watu hununua mkataba juu ya waranti ambayo bado ipo hai! Angalia tarehe ya kwanza ya kuuzwa gari kabla hujafungua pochi.

Lakini kibubu kinafanya kazi nzuri zaidi pale ugonjwa unapojulikana kwa jina. Chukua Porsche Boxster na 911 za mwaka 1999 hadi 2008, ukiondoa matoleo ya Turbo na GT3 ambazo injini zake ni za ukoo mwingine. Ndani ya injini hizo mna beringi ya shafti ya kati, ambayo wenyewe huiita IMS. Ikisagika, chembe za chuma huingia kwenye oili, muda wa vali na pistoni unavurugika, na unabaki na injini ya kuweka sebuleni kama pambo. Kesi ya wamiliki dhidi ya Porsche huko Marekani ilimalizwa kwa maelewano mwaka 2013. Takwimu zilizotokea kwenye kesi hiyo ni kwamba beringi zenye safu moja ya gololi zilikuwa zikifa kwa takriban asilimia 8, na za safu mbili kwa takriban asilimia 1. Maelewano yaliyahusu magari yaliyoundwa kati ya 2001 na 2005 tu, kwa kikomo cha miaka 10. Leo hakuna hata moja lililobaki ndani.

Asilimia 8 si ndogo unapokumbuka bei ya injini nzima. Mtu anayekuuzia mkataba wa gari hilo ama ataiandika beringi hiyo kwenye orodha ya yasiyolipwa, ama atasubiri iharibike aseme imechakaa. Dawa ni kubadilisha beringi siku unapobadilisha klachi, kwa sababu gia boksi imeshashushwa na kazi kubwa imeshafanyika. Pesa uliyokuwa uwape wageni, mpe fundi wa Porsche. Na kabla ya kununua, mlipe fundi huyohuyo dola mia kadhaa alikague gari. Akate chujio la oili atazame kama mna vumbi la chuma. Nusu saa ya kazi hiyo nimeiona ikimwokoa rafiki yangu na Boxster ya bluu aliyokwisha kuipenda mpaka akaipa jina.

3. Mkataba unaobeba jina la kiwanda

Mfano ni Ford Protect, na GM, watengenezaji wa Corvette, wana wa kwao. Bado ni mkataba wa huduma, lakini nyuma yake yupo mtengenezaji, na wakala yeyote nchini ataupokea. Kwa Shelby GT350 ya Ford au Corvette ya 2015 hadi 2019 yenye gia boksi ya otomatiki ya ngazi nane, iliyojulikana kwa kutetemeka, nitausoma kwa makini na pengine niununue.

Siri yake ni kwamba bei si amri ya Mungu. Mkataba uleule, wa kiwanda kilekile, mawakala huuza kwa bei tofauti, na wapo wanaouza kwa simu kwa mteja wa jimbo jingine kwa faida ndogo. Kama waranti ya kiwanda haijaisha, huna haraka. Nenda nyumbani ulale.

4. Mkataba wa kampuni ya kando unaouzwa yadini

Hapa ndipo kijana wetu wa chooni alipo. Siwezi kusema yote ni mibaya. Ila gari la spoti lina tabia tatu zinazoufanya mkataba huu uvuje.

Ya kwanza ni bei ya ufundi. Mikataba mingi huweka kikomo cha malipo kwa saa ya fundi, na gereji inayolijua gari lako inatoza zaidi ya hapo. Tofauti unalipa wewe, juu ya kile kiasi unachokibeba mwenyewe kila unapodai. Ya pili ni kufungua injini. Kampuni husema: fungueni kwanza tuone. Mwenye gari ndiye anayetia saini kuruhusu, na wakiamua sababu ni uchakavu, gharama ya kufungua na kufunga ni yako. Ya tatu ni maisha ya gari lenyewe. Kompyuta iliyochezewa ili kuongeza nguvu, egzosti isiyo ya kiwanda, au siku moja kwenye uwanja wa mbio vinatosha kukataliwa, hata kama aliyefanya hayo ni mwenye gari wa kabla yako.

Kuna pia kipindi cha kungoja, mara nyingi siku 30 na maili 1,000, na sharti la risiti za kila sevisi. Ukimwaga oili mwenyewe gereji kwako, tunza risiti ya oili na ya chujio.

Na usikubali kuuingiza kwenye mkopo wa gari. Dola 4,000 kwa riba ya asilimia 9 kwa miezi 72 zinakuwa karibu 5,190, na pengine mkataba wenyewe uliisha mwaka wa tatu. Kama lazima ununue, chagua ule unaoorodhesha yasiyolipwa, uache ule unaoorodhesha yanayolipwa. Kisichotajwa kwenye wa kwanza wanalipa wao, kwenye wa pili unalipa wewe. Jambo moja zuri: ukiununua kwa muuzaji wa gari ndani ya siku 90, sheria inaweza kukupa haki za ziada dhidi yake, hata kama gari liliuzwa "kama lilivyo".

5. Wanaokupigia simu

Hapana. Tume ya mawasiliano ya Marekani ilikokotoa kwamba genge moja tu lilipiga simu zaidi ya bilioni 5 za "waranti ya gari lako" ndani ya miezi mitatu ya mwaka 2021, na mwaka 2023 ikalitoza faini ya karibu dola milioni 300. Hata wenye matangazo ya televisheni hawakusalimika: Julai 2024 kampuni ya CarShield ilikubali kulipa dola milioni 10 kumaliza mashtaka ya tume ya biashara kwamba matangazo yake yalipotosha.

Wanaopanga kurudi nyumbani na gari wajue kwamba mikataba hii kwa kawaida huishia Marekani na Kanada. Kenya nayo haipokei gari la usukani wa kushoto kwa matumizi ya kawaida, wala lililozidi miaka minane. Kwa hiyo utaliuza hukuhuku. Ukiliuza, omba mkataba ufutwe urudishiwe pesa za miezi iliyobaki, au umhamishie mnunuzi kama unaruhusu. Fomu iko kwenye kurasa za mwisho. Itume kwa barua ya rejista, na ubaki na nakala, maana yadi haitakukumbusha.