Kipimo cha mimba cha buku kiko poa, ila msikiwahi

Kwa wanaotafuta mtoto kama mimi, hivi vipimo vya karatasi vya famasi viko vizuri kabisa, nimenunua viwili mwezi huu buku buku na havijanidanganya, tatizo lilikuwa haraka zangu na muuzaji wa kwanza ambaye hakunielekeza chochote. Nilimuuliza naweza kupima kabla ya siku zangu akasema we pima tu. Nikapima siku nne kabla, mstari mmoja, yaani hamna mimba, nililia usiku kucha jamani mpaka mume wangu akakosa la kusema.

Famasi ya pili nilimkuta mama mmoja, Mungu ambariki, akanikalisha kwenye benchi akaniambia mwanangu mimba ikitunga haionekani hapo hapo, tangu yai litoke zinapita kama siku 6 mpaka 12 ndo inajishikiza kwenye mfuko wa uzazi, na ndo mwili unaanza kutoa ile homoni ya hCG ambayo kipimo kinaitafuta kwenye mkojo. Vingi vimeandikwa 25, ndo kiasi cha homoni kinachotakiwa kwenye mkojo, ikiwa chini ya hapo hakioni kitu, na mwanzoni inapanda karibu mara mbili kila baada ya siku mbili tatu, kwa hiyo Jumatatu unaweza kukosa na Ijumaa ukapata. Subiri siku zipitilize, ukikaa wiki nzima ndo bora zaidi. Kama mzunguko wako haueleweki hesabu siku 21 tangu mlipokutana mara ya mwisho.

Akasema pia mkojo uwe wa kwanza asubuhi, usijaze maji tumboni kwanza, usizamishe kupita alama, na usome ndani ya dakika tano, maana kikikauka kinaweza kuleta kivuli cha mstari na hicho hakihesabiki. Ila mstari wa pili hafifu uliotokea ndani ya muda ni mstari, rudia baada ya siku mbili tatu uone unavyokolea.

Nikasubiri mpaka nimechelewa siku nane, nikaamka alfajiri, mistari miwili myekundu. Nilimwamsha mume wangu nikiwa natetemeka.

Nyota moja naikata kwa sababu karatasi ya maelekezo ni Kiingereza kitupu, kwa kitu kinachouzwa mpaka vijijini. Na dada, ukiwa umechelewa halafu tumbo linauma upande mmoja au damu inatoka, achana na vipimo nenda hospitali siku hiyo hiyo, mimba inaweza kuwa nje ya kizazi.