Choo cha minyoo, Ujiji: nakikubali, ila ile mbolea msiikimbilie

Mimi nipo Ujiji huku chini karibu na ziwa, ukichimba shimo refu unakutana na maji, na mvua zikikolea vyoo vya mtaani vinatapika. Sasa nikasikia kuna fundi anajenga choo cha minyoo, shimo lake fupi tu na unaweza kulinyanyua juu kidogo, nikasema poa tujaribu.

Chini kunakaa kokoto, mchanga, halafu randa na samadi iliyooza, ndo minyoo inamwagwa hapo. Siyo hizi nyungunyungu tunazochimba za chambo jamani, ni vile vidogo vyekundu, wataalamu wanaita Eisenia fetida, vinaishi juujuu kwenye uchafu. Mzigo ukishuka vinakula, maji yanachuja kwenda chini, kinachobaki ni kidogo na cheusi kama udongo wa msituni ndo maana hakijai haraka. Harufu kweli hamna, inzi wamepungua sana. Mama mkwe mwanzoni aligoma kabisa eti vitampanda (havipandi, vinakimbia mwanga), leo yeye ndo polisi wa choo.

Na polisi anahitajika maana masharti yapo. Jik hapana, maji ya kufulia hapana, pedi na pampasi hapana, na majivu yale tuliyozoea kumwaga kwenye choo cha shimo ndo kabisa, yanaua. Maji ya kutawaza hayana shida, minyoo inataka unyevu, ikikauka imekufa. Joto nalo, likipita nyuzi 35 humo ndani hutobaki na kitu, kwahiyo ezeka vizuri na weka kivuli, mimi nimepanda migomba pembeni.

Choo nakipa 4 kwa 5. Hiyo moja nimekata kwa sababu jamaa aliyeniuzia minyoo aliniambia mbolea nitoe niweke kwenye mchicha moja kwa moja, huo ni uongo wa hatari. Minyoo inapunguza vijidudu sawa, ila mayai ya minyoo ya tumboni ni sugu balaa. Ndo maana nimejenga vyumba viwili, kimoja kinapumzishwa zaidi ya mwaka ndo nachota, kwa glavu, na inaenda kwenye migomba na michikichi, mboga za majani haziguswi.

Ila kama una wapangaji wengi wanaofulia humohumo chooni achana nacho, utakuwa unanunua minyoo kila siku.