Duka la dawa nyuma ya soko la Mbuyuni, Moshi

Mwenye mgonjwa wa kifafa nyumbani na yuko Moshi, akanunue dawa kwenye lile duka dogo la kona nyuma ya soko la Mbuyuni, lenye mlango wa kijani. Bei yao imezidi kidogo ya maduka ya stendi, na foleni ya jioni inachosha. Mimi siendi kwingine.

Mwaka jana mwanangu alianzishiwa kabamazepini, dawa ya kifafa. Mwezi haujaisha, akapata homa, macho mekundu, koo likamuuma. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Mara midomo ikavimba na kutoa malengelenge, na ngozi ya kifua ikawa haivumilii hata shuka. Akalazwa. Ni Stevens-Johnson, wakasema madaktari, mzio mkali wa dawa unaobambua ngozi kama ya aliyeungua moto. Alipona, namshukuru Mungu.

Baadaye kliniki moja ikamwandikia fenitoini. Nikaenda nayo pale Mbuyuni. Mfamasia, mama wa makamo, akasoma cheti, akaniuliza kama mtoto ameshatumia dawa nyingine ya kifafa na ilimfanyaje. Nilipomweleza, akakirudisha cheti juu ya kaunta.

"Mama, hii sikuuzii. Kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni ni ndugu. Mwili uliokataa moja unaweza kuikataa na nyingine."

Akampigia daktari hapo hapo, kwa heshima kabisa, na dawa ikabadilishwa. Kisha akachukua kalamu nyekundu, akaandika majina yote matatu kwenye kadi ya mtoto, na chini yake: ASIPEWE. Angeweza kupokea hela yangu na kuita anayefuata. Nilitoka pale nalia.

Na si kwangu tu. Juzi nilimsikia akimwelekeza kijana aliyenunua lamotrijini, dawa nyingine ya kifafa: dozi inapandishwa polepole, hasa kwa anayemeza na valproeti, nayo ya kifafa, wiki nane za mwanzo ndizo za kuchunga zaidi, ukitokewa na upele, au vidonda mdomoni pamoja na homa, hospitali siku hiyo hiyo, usikae nyumbani unapaka mafuta. Akamtajia KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, ambako kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kipo tangu 1992.

Jumapili wanafunga. Nendeni asubuhi, mama huyo ndipo huwepo mwenyewe, na mchukue kadi ya kliniki, kwa sababu ataiomba.