Dashibodi ya vifo vya dawa za kulevya ya Marekani: nimeipitia kwa bando la buku

Bando langu la shilingi 1,000 limeishia kwenye dashibodi (ukurasa wa takwimu mtandaoni) ya CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ile ya watu waliokufa kwa kuzidisha dawa za kulevya. Kuingia ni bure, hujisajili popote. Mimi ni mwelimishaji rika, nazungukia maskani za wanaotumia unga (heroini) Mwaloni na Mabatini, hapa Mwanza, na takwimu zangu zote zimo kwenye kaunta buku: nani kahama, nani kaanza methadoni (dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga), nani kazima, yaani kapoteza fahamu kwa kuzidisha.

Kwanza ilinidanganya, au nilijidanganya mwenyewe. Niliona namba ya mwaka 2022, zaidi ya 100,000, nikadhani ni ya mwezi mmoja. Kumbe kila nukta kwenye mchoro ni jumla ya miezi 12 iliyopita. Wangeiandika kwa herufi kubwa.

Nilichokipenda: unachagua jimbo, unachagua dawa, iwe heroini, kundi la fentanili (dawa za maabara za jamii ya heroini, ila kali zaidi) au kokeini. Halafu wanaweka namba mbili, iliyoripotiwa na ya makadirio, kwa sababu vifo vingine bado vinachunguzwa. Serikali kukiri kwamba haijamaliza kuhesabu! Ubaya ni kwamba taarifa zinachelewa miezi minne. Pembeni ya dashibodi, CDC wana mfuko wa fedha uitwao OD2A, ulioanza 2019. Huo unazipa idara za afya za majimbo hela za kufuatilia wanaofikishwa dharura wakiwa wamezidisha, na hata za kupima maiti ina dawa gani mwilini.

Hapo kwenye kupima maiti ndipo niliposimama. Mwaka jana kijana wetu mmoja alizima asubuhi. Wenzake wakammwagia maji, wakamtia maziwa mdomoni, akafia kwenye bajaji. Karatasi ya kifo ikaandikwa tatizo la kupumua. Si uongo, unga ndio unaokata pumzi, lakini neno unga halimo. Limo kwenye daftari langu tu, na hakuna anayepanga bajeti ya naloksoni, ile dawa ya kumrudishia mtu pumzi, kwa kusoma daftari langu.

Naipa nyota nne. Baada ya kuiona nimechora safu mpya kwenye kaunta buku: saa, mahali, alitumia nini, nani alikuwepo. Kama unataka kuifungua, tafuta kompyuta. Kwenye simu yangu majina ya majimbo yanakatika, ilibidi nibahatishe kila yaliyoanza na "New".