Chapati za Jumapili: Kupikia Nyumbani au Kununua Kibandani

Familia nyingi za Nairobi hufikia uamuzi huu kila Jumapili: je, zifungue pakiti ya unga ya kilo 2, au zimtume mtoto kibandani?

Chapati za kibandani zina sifa zake, kwani huja zikiwa moto, hupunguza matumizi ya gesi, na humpumzisha mama aliyetoka kazini Jumamosi usiku.

Za nyumbani hudai muda, na nadhani thamani yake imo katika muda huohuo. Mmoja hukanda unga kwa maji ya vuguvugu, chumvi na mafuta. Kisha unga huachwa kwa takriban nusu saa ili gluteni, yaani protini ya ngano inayoufanya unga uvutike, iliyokazwa na kukanda ilegee, la sivyo chapati hujikunja kila inaposukumwa. Katika nusu saa hiyo watu huchagua ndengu, hukata vitunguu na kuulizana habari ambazo hazikupata nafasi wiki nzima. Baadaye shangazi husukuma, kaka hugeuza kikaangoni, na mtoto hupewa kidonge chake cha unga, ambacho hutoka kikiwa na umbo lisiloeleweka lakini huliwa kwa heshima zote.

Siku ya kazi, ningenunua bila kusita. Wageni kutoka mashambani wakija, au kijana aliyehamia Rongai, mji ulio nje kidogo ya Nairobi, akirudi kutusalimu, ningewasha jiko mapema na kumkabidhi kibao cha kusukumia kabla hajaketi.