Kushusha Toyota Altezza kwa springi fupi za mtumba: tathmini ya gereji moja ya Unga Limited, Arusha

Anayetaka kushusha Altezza yake bila kuagiza seti nzima ya shokapu za kurekebishika kimo hubaki na njia mbili: kukata springi zilizokuja na gari, au kununua springi fupi za mtumba kutoka Japani na kuzifunga kwenye shokapu zilezile. Nilichagua njia ya pili, na kazi nikaipeleka kwenye gereji ndogo ya Unga Limited isiyokuwa na kibao wala sakafu ya saruji, ambayo nilielekezwa na dereva wa teksi.

Jambo la kwanza lililonipa imani ni kwamba fundi alilikataa suala la kukata kabla sijamaliza kuuliza. “Kaka, springi ikishapigwa gesi, hiyo si springi tena, ni chuma,” alisema, na maelezo yake ni sahihi. Moto wa gesi huondoa ule ukakamavu ambao chuma cha springi hupewa kiwandani, hivyo gari hushuka siku ile na kuendelea kushuka polepole baadaye, mara nyingi upande mmoja zaidi ya mwingine. Hata ukikata kwa msumeno bila kuipasha moto, unabaki na springi fupi ambayo gari likipigwa jeki na tairi kuning’inia inaweza kuchomoka kwenye kikombe chake. Pia inakuwa ngumu kuliko ulivyokusudia, kwa kuwa springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi ikiondolewa mmoja, ugumu wake huongezeka kwa asilimia 20. Wapo wanaofanya kazi hiyo kwa bei ya soda mbili, na wateja hawawakosi.

Springi nilizinunua kwa muuza spea za mtumba kwa shilingi 160,000, zote nne. Zilikuwa zimepakwa rangi upya, jambo ambalo sikulipenda kwa sababu rangi huficha kutu na nyufa, lakini fundi aliikwangua kwa brashi ya waya mpaka chuma kikaonekana, akaipitia kila springi kwa kidole kuanzia ncha hadi ncha, kisha akazisimamisha mezani mbilimbili ili kuhakikisha za mbele zinalingana na za nyuma zinalingana. Muuzaji mwenyewe hakuwa amefanya lolote kati ya hayo.

Altezza hubebwa na mikono ya juu na ya chini kwenye magurudumu yote manne, na springi zake zimevishwa juu ya shokapu, kwa hiyo haziwezi kubadilishwa bila kuteremsha shokapu nzima na kuibana springi kwa vibanio maalumu. Vibanio vya gereji hii ni vya zamani lakini nyuzi zake ni nzima na zimepakwa grisi, na fundi alivikaza kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule, bila kusimama mbele ya springi. Sehemu iliyonifurahisha zaidi ilikuja mwishoni. Alikuwa amelegeza boliti za bushi (raba za maungio) za mikono yote, na hakuzikaza gari likiwa juu ya jeki. Alilishusha kwanza juu ya mbao nene, akalitikisa mpaka likatulia kwenye kimo chake kipya, ndipo akaingia chini na kuzikaza. Bushi ikikazwa wakati tairi inaning’inia, raba yake hubaki imejisokota gari likiwa chini, na haichukui muda mrefu kuchanika. Nimeshuhudia gereji zenye sakafu ya vigae zikiipuuza hatua hiyo.

Kwa kipimo cha futi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, gari limeshuka sentimita 4 mbele na 3 nyuma. Kwenye lami ya kuelekea Moshi limetulia sana, hasa kwenye kona na wakati wa kupishana na mabasi. Matuta ya Usa River na Kikatiti ndiyo yenye kudai adabu: nikiwa peke yangu napita polepole bila tatizo, ila nikipakia abiria wanne lazima nilipande tuta kimshazari, tairi moja baada ya nyingine, la sivyo bomba la ekzosi hulisalimia. Mtu anayeishi Moshono ndani, kwenye barabara ya vumbi inayochimbika kila masika, asijisumbue.

Lawama ninazo. Gereji haina mashine ya alaimenti, yaani ya kupima na kunyoosha mwelekeo wa tairi, na hakuna aliyenikumbusha kwamba ni lazima. Nililipeleka gari kwingine kwa shilingi 30,000, na mashine ikaonyesha tairi za mbele zimebadili mwelekeo kiasi cha kuweza kula upande wa ndani. Taa za mbele nazo zilikuwa zikimulika karibu mno, nikazirekebisha mwenyewe mbele ya ukuta. Raba mbili zinazozuia shokapu isigonge mwisho wake zilirudishwa zikiwa zimechanika, ingawa bei yake ni ndogo na ningezilipia kama ningeulizwa. Risiti niliyopewa ni ya kuandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari.

Ufundi ulikuwa shilingi 80,000, hivyo pamoja na springi na alaimenti nimetumia 270,000, kwa sababu tu shokapu zangu zilikuwa kavu na bado na nguvu. Zenye dalili ya kuvuja mafuta zitadunda vibaya juu ya springi fupi, na kwa gari la namna hiyo fedha zianzie kwenye shokapu, springi zisubiri.