Halloween ya ufukweni Ilemela: mchana pelekeni watoto, usiku mnaweza kulala tu

Nianze na bei maana najua ndo kitu cha kwanza mtauliza. Mchana mtoto 7,000, mtu mzima 10,000, geti linafunguliwa saa nane. Usiku kuanzia saa mbili ni 20,000 na hapo hujapewa hata soda, maji madogo ambayo dukani unachukua kwa 600 pale kaunta ni 2,000. Hoteli siitaji jina ila iko upande wa ziwani barabara ya Airport hapa Mwanza, sio zile kubwa ambazo jina limeshakujia kichwani sasa hivi, ni ya wastani tu, ina kiufukwe chake, bustani, na ukumbi mmoja wa mikutano ambao nitausema huko chini maana una mambo yake. Walifanya Jumamosi iliyokuwa karibu na tarehe 31 Oktoba ili watu wa kazini nao wapate nafasi, hapo niliwapa tano.

Nyumbani hii safari ilizua mjadala. Shemeji yangu anasali kwenye haya makanisa ya kiroho, akasema hiyo ni sikukuu ya mashetani na mtoto wake asionekane pale. Mama mkwe ambaye ni mkatoliki wa Nyakahoja toka enzi akamjibu, mwanangu, tarehe 1 Novemba ni Watakatifu Wote, tarehe 2 tunawaombea marehemu wetu, sasa hiyo 31 si ndo mkesha wake, shetani kaingilia wapi? Wote wawili wana pa kushikia kwa kweli, maana huko Ireland na Scotland wazee wao wa zamani walikuwa wanafunga mavuno kipindi hichohicho na waliamini usiku ule wafu wanatembea, kanisa likaja na sikukuu zake tarehe hizohizo, vitu vikachanganyika humohumo. Wairishi waliohamia Marekani karne ya 19 wakaenda nayo, Wamarekani wakaigeuza biashara ya pipi na kostyumu, na sasa imefika Ilemela na dijei juu. Mama mkwe akamaliza mjadala kwa kusema na yeye anakuja, na akaja kweli, na kitenge chake kipya.

Mavazi msihangaike kununua kitu kipya mjini, nendeni soko la mitumba la Mlango Mmoja asubuhi belo zikifunguliwa. Zile nguo za watoto zinazotoka nje mara nyingi zinakuja na kostyumu za Halloween ndani na wauzaji wengi hawazijui ni za nini, wanazitundika pamoja na nguo za kulalia. Nina mapacha, Kulwa na Doto. Doto nilimpatia ovaroli nyeusi yenye mifupa inayowaka gizani kwa 3,000, muuzaji ananiambia chukua hiyo pajama boss, mtoto hasikii baridi. Kulwa yeye alitaka kuwa daktari na hakutaka kusikia lingine, tukamvalisha koti jeupe la mtumba na kile kidude cha plastiki cha kusikilizia mapigo, getini dada wa tiketi akamuuliza sasa wewe unatisha nini, mimi nikasema subiri aandike bili.

Kilichonifanya hasa niandike hii ni meza ya maboga. Mnazijua zile picha za mtandaoni, boga la rangi ya chungwa laini linakatwa kama siagi, sasa huku kwetu unapewa boga la Kanda ya Ziwa, kijani lenye mabaka ya kijivu, ganda gumu mpaka kisu cha jikoni kinapinda. Nilidhani watafeli. Kumbe walikuwa wamemweka kijana mmoja wa jikoni, mpole hivi, anajua anachofanya. Anatandika gunia bichi mezani boga lisiviringike, anaweka kisu kikubwa juu karibu na kikonyo halafu anagonga mgongo wa kisu na mchi, tap tap tap, anazunguka hivyohivyo mpaka kifuniko kinachomoka kizima. Mtoto anapewa kijiko cha chuma anakwangua utumbo na mbegu mwenyewe mpaka viwiko vinateleza. Akimaliza anachora sura na maka peni, na kijana anakata kwa kutumia bledi ya msumeno wa chuma ambayo ameifunga mpira wa tyubu upande mmoja iwe mpini. Nilimuuliza kafundishwa wapi akaniambia bro hii bledi natumia kukatia mifupa ya supu, boga ni kazi ndogo. (Nilitumaini wameiosha.)

Kulwa akaagiza boga lake liwe na jino moja tu la juu kama la bibi yake. Nikajua hapa leo kuna kesi. Bibi, yaani mama mkwe huyohuyo, akaangua kicheko mpaka mtandio ukadondoka, akasema mchongee na pengo la pembeni basi msinionee aibu.

Na hapohapo mama mkwe alikuwa ameshaanza kuguna, mnachezea chakula nyie, watu wana njaa huko, na mimi nilikuwa nawaza hivyohivyo. Ila upande wa nyuma wa meza kulikuwa na jiko la mkaa, mbegu zinaoshwa zinakaangwa na chumvi, watoto wanagawiwa kwenye karatasi, na nyama ya boga iliyotolewa ndani inaenda kwenye sufuria inachemshwa, saa kumi na moja kila mtu akapewa kipande na chai ya rangi bure. Hakikutupwa kitu. Mama mkwe akala viwili akanyamaza. Wairishi wenyewe kabla hawajaenda Marekani walikuwa wanachonga tanipu, ule mzizi mgumu wa kuliwa, maboga waliyakuta kule wakaona makubwa na rahisi kutoboa, na mimi baada ya kumsaidia Doto kukwangua la kwetu nimebaki najiuliza hiyo tanipu walikuwa wanatoboaje na msumari au nini.

Mishumaa ilishindikana, upepo wa ziwani unaizima kabla hata kiberiti hujakirudisha mfukoni. Wakaleta vile vitochi vidogo vya duka la jumla wakatumbukiza kimoja kimoja, na jua lilipozama saa kumi na mbili na nusu hivi ukuta wote wa bustani ukawa na sura zinawaka, zingine zinatisha, zingine zinachekesha, moja ina pengo.

Mengine ya mchana nayapitia haraka. Kuchorwa usoni kuzuri ila foleni ndefu, dada mmoja tu na brashi moja. Puto kubwa la kurukia lipo kama kila sherehe. Sato wa kukaanga 18,000 ni mtamu, mkubwa, lakini agiza ukiingia tu getini maana wetu alichukua zaidi ya saa nzima na nilishaanza kuamini bado yuko kwenye wavu. Juu ya paa la baa walikuwa wamesimama makorongo wawili, wale wa mjini wenye upara na ule mfuko unaoning'inia shingoni, wanaangalia tu watu wanavyokula. Mgeni mmoja kutoka Dar akauliza kama wale ni mapambo. Ukitaka mnyama wa Halloween Mwanza tunaye mwaka mzima, nenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba bure kabisa.

Kitu kingine kilichonifurahisha ni ile ya pipi. Kule Marekani watoto wanazunguka nyumba kwa nyumba, pale waliweka wahudumu waliovaa mizimu kwenye vile vibanda vya makuti, mtoto anaenda kibanda kwa kibanda anapiga hodi anapewa pipi. Ila watoto wetu si mnawajua wamelelewa, Doto anafika kwa jamaa ana damu ya tomato mpaka kifuani, panga la plastiki mkononi, anamwambia shikamoo anko. Jamaa kashtuka yeye, kasahau kuunguruma, anajibu marahaba hujambo. Nimecheka mpaka leo.

Sasa malalamiko. La kwanza, kuelekea jioni watoto walichoka michezo wakaanza kuingia ziwani pale pembeni kwenye matete na hakuna mtu yeyote wa hoteli aliyekuwa anaangalia. Jamani, ziwa letu lina kichocho, vile vikonokono vinavyokibeba vinakaa hukohuko kwenye maji yaliyotulia yenye majani, wengi waliosoma shule ya msingi huku walimezeshwa zile dawa. Kibao kimoja na kamba ingetosha kabisa, au huyo mlinzi aliyekuwa anakagua mabegi ya watu wasiingie na maji yao angekaa huko.

La pili ni usiku wenyewe. Bibi na mapacha nikawapakia bajaji kwa yule kijana wetu wa siku zote, mimi na mke wangu tukabaki tukasema na sisi tujirushe. Ule ukumbi wa mikutano ndo ukageuzwa nyumba ya mizimu, nailoni nyeusi ukutani, balbu nyekundu, mashine ya moshi, tangazo linasema watu wenye presha wasiingie. Foleni ndefu, ndani unamaliza kabla hujazoea giza. Meza za semina unaziona kabisa chini ya shuka, na kwenye kona moja kuna ubao wa kuandikia bado una maneno ya warsha. Zombi mmoja aliruka mbele yetu, mke wangu akamwambia pole, zombi akauliza dada hujaogopa kweli? kwa sauti ya huzuni kabisa, tukamwonea huruma tukapiga naye picha.

Hayo ningeyasamehe, ni ya kuchekesha. Ambalo sikulipenda ni lile la mwisho kabla ya mlango wa kutokea. Wamemkalisha dada amevaa kikongwe, mgongo umepinda, kaniki, ungo pembeni, mdoli wa fisi, na macho wamempaka wekundu ukutishe. Vijana wanapita wanapiga kelele mchawi mchawi huku wanarekodi. Aisee, hapa ni Usukumani. Huku vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu hiyohiyo ya macho mekundu, na macho yenyewe ni moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe, mtu amepika jikoni lisilo na dirisha miaka hamsini unategemea yawe meupe? Hii sio stori ya Ulaya ya karne zilizopita, ni Mwanza, Shinyanga, Simiyu, ni bibi za watu tunaofanya nao kazi. Mchawi wa Kizungu na kofia yake ndefu na fagio mweke tu, hakuna mtu huku atakayemkuta njiani akamfikiria jirani yake. Huyu wa ungo na macho mekundu sisi tunamfahamu anakoishi. Nilimwambia msimamizi akasema boss ni utani tu, watu wanapenda. Mama mmoja nyuma yetu hakucheka hata kidogo, alitoka akaenda kukaa kwenye gari.

Na kinachouma ni kwamba vya kutisha vya kwetu vipo vizuri tu bila kumgusa bibi wa mtu. Mngemleta mzee mmoja anayejua hadithi za zimwi akakaa na watoto pale kwenye maboga, nani angeondoka? Au bayeye, wale wachezaji wa nyoka, mtu anaingia uwanjani na chatu mzima shingoni, hapo nakuhakikishia hata zombi angekimbia. Ambao hamjawahi kuona subirini Juni muende Bujora kule Kisesa, barabara ya Musoma, kwenye Bulabo, ile sikukuu ya ngoma za Wasukuma, makundi mawili ya Bagika na Bagalu yanashindana kuvuta watazamaji na familia nzima inaenda mchana kweupe. Na kama mnataka tu siku ya kutoka na watoto bila dijei, kisiwa cha Saanane ni safari fupi tu ya boti kutoka mjini, pimbi na swala wanakatiza mbele yenu, na juu ya miamba jioni upepo wake sio wa kawaida.

Kwa hiyo alama zangu, mchana nane kwa kumi, ile meza ya maboga peke yake ni kumi. Usiku tatu, na hizo tatu ni za dijei maana singeli alipiga. Mwakani nitaenda tena mchana, usiku nitangoja nisikie kama wamemtoa yule kikongwe.

Mkienda, bebeni sweta za watoto maana jua likishazama pale panapoa, na kipindi hicho mvua za vuli nazo zimeshaanza kubisha hodi. Pesa ya mkononi muwe nayo kidogo, mtandao wa kulipia ulisumbua kaunta muda mrefu. Boda za usiku pale nje wanapandisha bei wakiona tu una rangi usoni, patana kabla hujapanda. Na maboga watoto waliyochonga mnaruhusiwa kuondoka nayo ila mwambieni yule kijana wa meza awasindikize mpaka getini, mlinzi alituzuia anataka risiti ya boga.